Majina ya Ugonjwa wa Kucheka: Bukoba, 1962

Ugonjwa wa mwili hupewa jina kwa kufuata dalili zake. Ugonjwa wa akili aghalabu hupewa jina na hukumu kwa pamoja. Mfano ulio wazi katika Afrika Mashariki ni ule wa Wilaya ya Bukoba, mwaka 1962, wiki chache baada ya Tanganyika kupata uhuru. Habari zake zimesimuliwa mara nyingi kama kichekesho. Hata hivyo, wasichana walioupata hawakuwa wakifurahi, na majina waliyopewa yanastahili kuchunguzwa na watu wa lugha.

Ugonjwa ulianza tarehe 30 Januari 1962 katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni, mahali paitwapo Kashasha, ambapo sasa ni katika Wilaya ya Muleba. Wanafunzi 3 walianza kucheka bila kujizuia. Hata shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshikwa. Walimu hawakushikwa hata mmoja. Wasichana walirudishwa makwao, na katika Aprili na Mei watu 217 wa Nshamba, kulikokuwa nyumbani kwa baadhi yao, waliugua. Shule ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, ikafungwa mwisho wa Juni. Katika mwezi huo wa Juni, wasichana 48 kati ya 154 wa shule ya Ramashenye, karibu na mji wa Bukoba, walishikwa vilevile.

Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, waliotoa taarifa yao mwaka 1963, walieleza dalili kwa uangalifu. Kicheko na kilio vilikuja kwa vipindi, vya dakika chache hata saa kadhaa; mgonjwa akatulia, kisha vikamrudia. Wengine walihangaika, na walipozuiwa kwa nguvu wakapigana. Hali hiyo haikuzidi siku 16 kwa mgonjwa mmoja, wala hapana aliyekufa. Basi masimulizi ya watu waliocheka miezi mfululizo hayana msingi: kilichodumu miezi ni maambukizo, si kicheko cha mtu mmoja.

Namna walivyoutambua ugonjwa ina mafunzo. Hawakuanza kwa kusema kwamba ni mambo ya akili. Walipima damu, wakachunguza chakula, wakatafuta sumu na vijidudu. Walipokosa sababu ya mwilini, ndipo wakatazama jinsi ulivyoenea. Wakaona ya kuwa kila mgonjwa alikuwa amekutana karibuni na mgonjwa mwingine. Hapo wakakata shauri kwamba ni histeria ya kundi.

Watu wa nchi walikuwa na majina yao tayari. Taarifa hiyo inataja mawili ya Kihaya: *enwara yokusheka*, yaani ugonjwa wa kucheka, na *akajanja*, lililofasiriwa kuwa wazimu. Katika jina la kwanza, *okusheka* ni ndugu wa *kucheka* cha Kiswahili. Na neno la ugonjwa, ambalo kwa kawaida huandikwa *endwara*, latokana na kitenzi cha kuugua, ambacho huenda ni ndugu wa *uwele* na *mwele* katika Kiswahili cha zamani. Jina hilo hutaja dalili na kunyamaza, halimlaumu mtu. Jina la pili humhukumu mgonjwa mzima. Tena msomaji wa Kiswahili aweza kuona *janja* ndani yake, akadhani kuwa wasichana walifanya ujanja ili wakwepe masomo. Mfanano wa sauti si ushahidi wa maana, na dhana ya kwamba mgonjwa anajisingizia ndiyo dhuluma ya kwanza katika magonjwa ya namna hii.

Neno la wataalamu nalo halina usafi zaidi. *Histeria* latokana na neno la Kigiriki la mji wa mimba, kana kwamba maradhi haya ni ya wanawake tu. Ilhali huko Nshamba waliugua vijana wa kiume na wa kike. Mwaka 2007 mwanaisimu Christian Hempelmann aliyapitia mambo haya upya, akaonyesha ya kuwa kicheko hicho hakikutokana na mzaha wowote. Kilikuwa dalili ya dhiki iliyoshirikiwa na watu wasioweza kuisema kwa njia nyingine.

Mambo haya yanahusu pia magharibi ya Bukoba. Ndama na sehemu nyingine za Karagwe na Kyerwa husema Kinyambo, ambacho Guthrie alikiweka kundi moja na Kihaya. Mganga anayepelekwa huko akiwa na Kiswahili peke yake huja na *wazimu*, neno lenye shina moja na *mzimu*, linalodokeza kwamba mtu ameingiliwa. Au na msemo *kurukwa na akili*, unaodokeza kwamba kitu kimetoka. Maneno hayo hayatengi sonona na skizofrenia, wala hayatengi hizo na dhiki ya muda kama ile ya Kashasha. Lakini tiba zake si moja. Dhiki ya kundi hutulizwa kwa kuwatenganisha wagonjwa kwa upole, kuondoa hofu na kutafuta jambo linalowaelemea. Skizofrenia huhitaji dawa za muda mrefu na uangalizi wa jamaa.

Serikali ya Tanzania yenyewe imebadili usemi: sheria ya zamani ilitaja *magonjwa* ya akili, ile ya 2008 yataja *afya* ya akili. Kazi iliyobaki kwa watunga kamusi ni kukusanya, katika Kinyambo na Kihaya, maneno ambayo mgonjwa mwenyewe huyatumia kueleza hali yake, na kuyatenga na yale ambayo majirani humwitia. Daktari huyahitaji ya kwanza ili aujue ugonjwa, na huyahitaji ya pili ili ajue kwa nini mgonjwa amechelewa kuletwa.