Kutoka Kibaba hadi Megabiti

Wataalamu wa lugha yetu wameandika mengi kuhusu majina ya vitu vilivyotufikia kwa meli, kwa reli na kwa waya. Mijadala ya tarakilishi na kompyuta, ya rununu na simu ya mkononi, ya runinga na televisheni, imejaza kurasa nyingi. Katika makala haya nataka kufuata njia isiyopitwa sana, nayo ni historia ya vipimo. Dai langu ni kwamba Kiswahili kimekuwa hodari wa kukipa kitu kigeni jina, lakini tangu umeme ulipoingia majumbani, kipimo cha kitu hicho kimebaki kwa muuzaji. Na mnunuzi asiye na kipimo ulimini mwake hupunjwa akiwa macho.

Hali haikuwa hivyo zamani. Katika masoko ya pwani, nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja. Pembe na karafuu zilihesabiwa kwa frasila, ambayo ilikaribia kilo 16. Nguo iliuzwa kwa jora na doti, na urefu ukapimwa kwa shibiri, dhiraa na wari. Hayo hayakuwa maneno ya wafanyabiashara peke yao. Kibaba kiliingia katika methali tunayoijua sote, kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kipimo kinapofika kwenye methali, kimekwisha kuwa mali ya umma.

Tena lugha haikuishia kwenye jina la kipimo. Ilitofautisha kibaba cha tele na kibaba cha mfuto. Cha tele ni kile kilichojazwa hadi nafaka ikafanya kichuguu juu ya ukingo, na cha mfuto ni kile kilichofutwa juu kikawa sawasawa na ukingo. Chombo ni kilekile, na jina la kipimo ni lilelile, lakini bei ya haki si ileile. Mama aliyekwenda sokoni aliweza kuuliza kwa neno moja tu, na muuzaji akalazimika kujibu. Naomba msomaji aiweke tofauti hiyo moyoni, maana nitairudia.

Mwaka 1879 waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar kutoka Aden, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Neno lenyewe, simu, lina asili ya Kiajemi na maana yake ya kwanza ni waya. Kwa miaka mingi lilimaanisha ujumbe wa maandishi uliopitia humo, kabla halijawa la mazungumzo ya mdomo. Huduma hiyo ilikuwa ngeni kabisa, ila kipimo chake kilieleweka, kwa sababu aliyetuma simu ng'ambo alilipia kila neno. Ufupi wa usemi, ambao mshairi huutafuta kwa ajili ya mizani, mfanyabiashara aliutafuta kwa ajili ya mfuko wake.

Umeme ulikuja na mambo mengine. Dar es Salaam iliupata mwaka 1908, chini ya Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa ya wakoloni. Watu waliupa majina mawili mazuri. Tanzania wakauita umeme, kwa jina la kile kimulikacho mawinguni, na Kenya wakauita stima, kwa jina la meli ya mvuke. Majina yalitoka katika yale macho yaliyokwisha kuyaona. Lakini volti, ampea na wati havionekani kwa macho, na havikupata bahati hiyo. Viliandikwa kwa herufi ndogo mgongoni mwa kifaa, kwa lugha ya kigeni, na huko vimebaki.

Madhara yake tunayaona katika kitu kidogo kama adapta. Matundu ya ukutani ni ramani ya ukoloni. Kenya, Uganda na Tanzania, na hata Oman, zinatumia plagi ya meno matatu ya bapa ambayo Uingereza iliiwekea kanuni mwaka 1947. Ukivuka kwenda Bujumbura au Lubumbashi unakutana na matundu ya duara, urithi wa Wabelgiji. Msemaji wa Kiswahili anavuka mipaka hiyo na lugha yake moja, lakini chaja yake inahitaji mkalimani.

Sasa tazama kazi ambazo neno adapta limebebeshwa madukani. Kuna adapta inayobadili umbo la meno tu, na volti zikabaki zilezile. Kuna adapta ya kompyuta ya mapajani, ambayo hushusha umeme wa ukutani hadi kiwango cha chini. Na kuna chaja ya simu, ambayo wengine nayo huiita adapta. Ndugu aliye Marekani, ambako umeme wa majumbani ni volti 120, akituma blenda ya huko, mpokeaji hununua adapta ya aina ya kwanza akidhani amenunua kinga. Anaichomeka kwenye umeme wetu wa takriban volti 230, na blenda inaungua. Kilichomponza si ujinga. Neno moja lilimwambia habari za umbo na kumficha habari za nguvu.

Hata hivyo, historia ina mfano wa kutia moyo. BBC ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, na Deutsche Welle mwaka 1963, msikilizaji hakuweza kuipata idhaa bila kujua kipimo. Watangazaji walilitaja neno masafa mara kwa mara: masafa mafupi, masafa ya kati, mita kadhaa. Masafa ni neno la Kiarabu lenye maana ya umbali, na inachekesha kidogo kwamba hayo mafupi ndiyo yaliyofika mbali kuliko yote. Lakini watu waliyajua. Wazee ambao hawakuingia darasa la fizikia walizungusha kitufe cha redio na kuitafuta mita 25 kama mtu atafutaye nyumba ya jirani. Kipimo kilisemwa kila siku, nacho kikazoeleka.

Mikonge ya nuru ya baharini, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, ilileta intaneti ya kasi pwani yetu. Kwa majina tulifanya vizuri mno. Mtandao umetoka katika kutanda, kitenzi kinachomkumbusha mfumaji mtande wake. Kupakia na kupakua tumeyachukua kwa makuli wa bandarini. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimekwisha kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili kupitia mradi wa Kilinux. Kasi ya mtandao, lakini, huuzwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali faili na bando hupimwa kwa megabaiti na gigabaiti. Biti nane ndizo zinazofanya baiti moja. Aliyelipia megabiti 20 hupakua megabaiti mbili na nusu tu kwa sekunde. Filamu ya megabaiti 1,500 humchukua dakika kumi, wala si sekunde 75 kama alivyopiga hesabu. Kisha kuna lile neno dogo katika matangazo, "hadi" megabiti 20. Ndiyo tele na mfuto zilizorudi. Bei ni ya kibaba cha tele, na jioni, mtaa mzima unapotumia mkondo mmoja, kinachopimwa hakifiki hata mfuto.

Sidhani kwamba dawa ni kubuni maneno mapya. Megabiti ni neno linalotamkika vyema. Lina mizani nne, nusu kamili ya kipande cha mizani nane. Na mshairi ndiye wa mwisho kushangaa kwamba nane za kitu kimoja hufanya kizima cha kingine. Kinachokosekana ni matumizi. Frasila ilikuwa ngeni, mita za redio zilikuwa ngeni, na zote zilizoea kwa kutajwa. Washairi wetu wameusifu na kuulaumu mtandao kwa beti nyingi, lakini wati, volti na megabiti hazimo humo. Wakizitia katika beti, zitafika sokoni. Huko mnunuzi atapata tena swali alilokuwa nalo bibi yake, na muuzaji atalazimika kusema kama anauza cha tele au cha mfuto.