Kompyuta kuukuu inavyomudu kazi nyingi kwa pamoja

Katika duka la steshenari la mji mdogo kama Kibara, wilayani Bunda, kompyuta moja hutakiwa kuchapa barua, kutengeneza picha za pasipoti na kutoa nakala kwenye printa, huku wateja wakisubiri. Mashine ikiwa ya zamani, mara huganda, na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea.

Kwa hakika, kompyuta yenye kichakato cha kiini kimoja haifanyi kazi mbili kwa wakati mmoja. Hugawa muda: kila programu hupewa sehemu ndogo ya sekunde, kisha zamu huhamia kwa nyingine kwa kasi ambayo mtumiaji haitambui.

Katika Windows 3.1 ya mwaka 1992, programu zilitegemewa kuachiana zamu kwa hiari. Moja ikikwama, nyingine nazo zilisimama. Windows 95, iliyotolewa Agosti 1995, iliupa mfumo wenyewe mamlaka ya kuzipokonya zamu programu za biti 32. Vichakato vya viini viwili vilianza kuingia katika kompyuta za kawaida mwaka 2005, navyo ndivyo vinavyoweza kutekeleza kazi mbili kwa pamoja.

Hata hivyo, mara nyingi kinachokwamisha si kichakato bali kumbukumbu, yaani RAM. Windows XP ya mwaka 2001 ilihitaji angalau megabaiti 64, ingawa zilipendekezwa 128. Kumbukumbu ikijaa, mfumo huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski kuu, ambayo ni ya polepole mno. Ndipo taa ya diski huwaka mfululizo na kipanya husita: muda mwingi unatumika kuhamisha mizigo badala ya kufanya kazi.

Kutokana na hali hiyo, mwenye mashine kongwe aongeze RAM kabla ya kufikiria kununua nyingine. Azuie programu asizozihitaji zisijiwashe zenyewe, akamilishe picha zote kabla ya kufungua barua, na ukaguzi wa virusi aufanye duka likiwa limefungwa.

Aidha, Microsoft iliacha kuihudumia XP Aprili 8, 2014; mashine inayoitumia isiunganishwe na intaneti. Mifumo myepesi ya Linux, kama Puppy, inaweza kuchukua nafasi yake.

Zaidi ya yote, kazi ya mteja ihifadhiwe kila baada ya aya, kabla ya kufungua programu nyingine.