Gawio lenye lilisimama, malipo yenye hayakusimama

Wenzangu, swali linarudi kila mara: hisa ya banki yenye kulipa gawio kila mwaka, ao mfuko wa Marekani wenye kulipa kila mwezi, gani inafaa? Mimi nilisoma kilimo, si banki, lakini nimefwata historia ya hizi mbili na naona tunaanza vibaya. Tunauliza nani analipa mara nyingi. Hatuulize pesa inatoka wapi.

Equity Group ya Kenya tunaijua. Hisa zake zinauzwa Nairobi, Kampala na Kigali. Juu ya mwaka wa 2019 ilikuwa imetangaza gawio la shilingi 2.50 kwa hisa. Mwezi wa tano 2020, corona ikiwa imefunga kila kitu, ikaliondoa ili pesa ibaki ndani. Gawio la 2020 pia halikutoka. Lakini mwaka ule ule ilinunua sehemu kubwa ya BCDC, banki yetu yenye ilianza 1909, kwa dola milioni 95, ikaiunganisha na ile yenye ilikuwa nayo hapa. Ndiyo EquityBCDC ya leo. Sisemi gawio ndilo lililonunua BCDC. Nasema mwenye hisa alikosa pesa mfukoni, akabaki na kipande cha banki yenye imekuwa kubwa. Gawio lilirudi: shilingi 3 juu ya 2021, shilingi 4 juu ya 2022.

Sasa QYLD, mfuko wenye ulianza New York mwezi wa 12, 2013. Unanunua hisa za makampuni 100 ya Nasdaq, kisha kila mwezi unauza opsheni. Ni sawa na mkulima mwenye kahawa bado mtini: mtu anamupa pesa kidogo leo, na yeye anamwachia haki ya kuinunua kwa bei ya leo. Bei ikipanda, faida ni ya yule mtu. Ikianguka, hasara inabaki kwa mkulima, na ile pesa kidogo inamupunguzia tu. Kwa hiyo 2022, soko lilipoanguka karibu 33%, mfuko nao ulianguka. 2023 soko likapanda zaidi ya 50%. Mfuko, hata ukihesabu malipo yote, haukufikia nusu yake. Haukukosa mwezi hata mmoja. Lakini kipande chenye kilianza karibu dola 25 kilimaliza 2023 chini ya dola 18.

Hapa wapenzi wa banki wasishangilie haraka. Hisa ya Equity nayo ilimaliza 2019 juu ya shilingi 50, na 2023 chini ya 40. Na ni shilingi: mwanzo wa 2020 dola moja ilikuwa karibu shilingi 101, mwisho wa 2023 karibu 157. Sisi wenye kuhesabu kila kitu kwa dola, gawio la shilingi 4 tulihesabu upya.