Historia: Unga mweupe uliozaliwa juani

Mabomba mengi yanayoleta maji hadi kwenye robine, pale ambapo akina mama wanapanga foleni na bidoni zao, yametengenezwa kwa plastiki iitwayo PVC. Historia yake ilianza na jua.

Mwaka 1872, mkemia Mjerumani Eugen Baumann alifunga vinili kloridi ndani ya mirija ya kioo, akaiacha juani. Ukatokea unga mweupe ambao hata asidi haikuuweza. Mwanga ulikuwa umeamsha chembe ndogo, zikashikana moja baada ya nyingine hadi kuwa minyororo mirefu. Baumann hakuwa akitafuta bomba la maji. Aliandika alichokiona, basi.

Aliyeona faida ni Fritz Klatte wa kiwanda cha Griesheim-Elektron. Mwaka 1913 aliomba hati ya uvumbuzi ya kutengeneza plastiki hiyo kwa mwanga wa jua. Kiwanda kilishindwa kuigeuza kuwa mali, na miaka ya 1920 kikaiacha hati ikafa. Hasara kubwa hiyo! Wengine walikuja kutajirika kwa PVC, lakini wao waliiwasha kwa dawa za kemia, si kwa jua.

Kwa nini jua liliachwa? Mwanga hauingii mbali. Ukijaza pipa kubwa, dawa iliyo karibu na ukuta inakunywa mwanga wote. Ya katikati inabaki gizani. Ni kama chungu cha maharage kilichoungua pembeni huku katikati bado mabichi. Tena minyororo ikishikana inatoa joto, na pipa kubwa halipoi haraka.

Jibu lilikuwa kupunguza upana. Mwaka 2005, Kevin Booker-Milburn na wenzake wa Bristol, Uingereza, walionyesha mrija mwembamba wa plastiki angavu uliozungushwa kwenye taa, dawa ikisukumwa ndani bila kukoma. Kila tone linapata mwanga wake, na kasi ya pampu ndiyo inayoamua litakaa muda gani. Kazi yao haikuwa ya plastiki, lakini miaka iliyofuata kundi la Tanja Junkers, huko Hasselt, Ubelgiji, lilitumia njia hiyo kujenga minyororo ya urefu uliopimwa.

PVC ya Baumann yenyewe haifai humo: unga wake hauyeyuki ndani ya vinili kloridi, ungeweza kuziba mrija.