Hitilafu, si mdudu

Anayejifunza programu mjini Mbarara, Uganda, au katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale hukutana mapema na neno "bagi" (kwa Kiingereza bug, yaani kasoro katika programu), na wapo wanaolifasiri "mdudu". Mimi nachagua hitilafu. Neno hili asili yake ni Kiarabu, ikhtilaf, yaani kutofautiana. Ndiyo maana tunasema watu wamehitilafiana.

Chukua mfano wa Tkinter, maktaba ya lugha ya Python ya kutengenezea madirisha na vitufe. Kitufe hupewa jina la kazi itakayofanyika kikibonyezwa. Ukiongeza mabano baada ya jina hilo, kazi inafanyika papo hapo, hata kabla hujagusa kitu. Ukija kubonyeza, kitufe kimya. Hakuna mdudu aliyeingia. Kuna tofauti kati ya ulichokusudia na ulichoandika. Mara nyingine tofauti imo ndani ya maktaba yenyewe, na hapo swali la kuanzia ni: ulitarajia nini, umeona nini?

Nakivale, ambako Mkongo na Mrundi husikilizana kwa Kiswahili, swali hilo halihitaji Kiingereza. Walimu, fundisheni neno hili. Mdudu huuawa, hitilafu hutafutiwa chanzo.