Uvira na Mto Ulioleta Fitina

Maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda mwaka 2024 hata yakaingia majumbani, na kufunika mchanga ambao watu wa mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, wamezoea kwenda kupunga upepo, wengi walisikitikia nyumba na bandari ya Kalundu, na ni haki yao. Lakini ufuo huo una tarikhi ambayo, lau ingalitunzwa, ingaliwavuta wageni wanaoishia Zanzibar na Ujiji.

Katikati ya karne ya kumi na tisa Uvira ilikuwa kituo cha mwisho cha kaskazini ambacho wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliruhusiwa kufika, wakitafuta pembe na watumwa. Mwezi wa Aprili 1858 walishuka hapo Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, pamoja na Sidi Mubarak Bombay. Burton alikuwa na vidonda vya ulimi, hata kusema kulimwia taabu. Walakini alikuwa na tamaa kubwa, kwani Sheikh Hamed bin Sulayyim alikuwa amemhadithia Speke kwamba kaskazini mwa ziwa kuna mto unaotoka, naye Burton akatumaini kwamba ndio Nili. Wana watatu wa Sultani Maruta wa Uvira walipoulizwa, walijibu kwa kauli moja kwamba mto huo, Ruzizi, unaingia ziwani, hautoki. Kannena, mkubwa wa Ujiji aliyewapeleka, akakataa kuendelea mbele, wakarudi bila ya kuuona mlango wa mto.

Ajabu ni kwamba Burton huyohuyo, alipokwisha kukhitilafiana na Speke juu ya ziwa Nyanza (Victoria), ambalo Speke alidai ndilo chanzo cha Nili, alirejea kudai kwamba Ruzizi unatoka. Wawili hao walingojewa wajadiliane hadharani mjini Bath tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe mawindoni. Ilibidi Livingstone na Stanley wapige makasia hadi mlangoni mwa mto Novemba 1871 ndipo Ulaya isadiki waliyoyasema wana wa Maruta miaka kumi na mitatu nyuma. Na maji ya ziwa hutokea Lukuga, kule Kalemie, yakaenda mto Kongo, wala si Nili.

Kisha zikaja zama za Wabelgiji, kituo cha utafiti wa maji na samaki ambacho kingali kipo, na vita vilivyowafukuza wageni na wenyeji pia.

Burundi wanalo jiwe la Mugere lenye tarehe ya Livingstone na Stanley, na Ujiji kuna makumbusho. Sisi wa Uvira, tuliosema kweli kwanza, hatujulikani kwa jiwe lolote. Tunauomba utawala wa mji usimamishe kibao mahali palipo juu ya maji ya 2024, na jina la kwanza juu yake liwe la Maruta.