Wale "Waafrika Wawili" wa Uruguay

Wanafunzi wenzangu wa zamani,

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike makala ya historia ya kufuatana na ile picha ya timu yetu ya mpira ya mwaka 1973, ambayo huchapwa kila tunapokutana. Mwaka ule nilikuwa katibu wa kamati ya michezo, na baadaye nilifundisha historia kwa miaka mingi, hivyo akaona kazi hii inanihusu mara mbili. Nimeikubali. Lakini naomba mnivumilie, maana nitaanzia mbali, Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, na picha yetu nitaifikia mwishoni.

Mwezi wa Julai 1916 dunia ilikuwa vitani. Huku kwetu majeshi ya Waingereza yaliingia Tanga tarehe 7 mwezi huo, na babu zetu wengi walikuwa porini wakibeba mizigo ya vita ambavyo havikuwa vyao. Ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, Argentina ilikuwa ikisherehekea miaka 100 ya uhuru wake, uliotangazwa katika mji wa Tucumán tarehe 9 Julai 1816. Katika shamrashamra hizo nchi tatu zilialikwa kuja kucheza mpira: Uruguay, Brazil na Chile. Hayo ndiyo mashindano ya kwanza ya ubingwa wa Amerika ya Kusini, ambayo siku hizi huitwa Copa América. Na siku yenyewe ya sherehe, tarehe 9 Julai 1916, viongozi wa mpira wa nchi hizo nne, kwa shauri la Héctor Rivadavia Gómez wa Uruguay, waliunda shirikisho lao. Afrika ilikuja kuunda la kwake miaka 41 baadaye, mwaka 1957.

Mpango ulikuwa rahisi. Kila timu icheze na kila timu. Anayeshinda apate pointi 2, wanaotoka sare wagawane pointi moja moja. Mechi ya kwanza ilichezwa tarehe 2 Julai, Uruguay na Chile. Uruguay walishinda mabao 4 kwa bila. José Piendibene alifunga mawili, na mawili mengine yakafungwa na kijana aliyekuwa hajatimiza miaka 19, jina lake Isabelino Gradín. Wote waliomwona Gradín walisifu mbio zake, na si ajabu, kwani mwaka 1919 alikuja kuwa bingwa wa riadha wa Amerika ya Kusini katika mita 200 na mita 400.

Kesho yake Chile walipeleka malalamiko. Hawakusema kwamba mwamuzi alipendelea, wala kwamba bao lilikuwa la kuotea. Walidai matokeo yafutwe kwa sababu Uruguay walikuwa wamechezesha "Waafrika wawili". Waliokusudiwa ni Gradín na mwenzake Juan Delgado, aliyecheza kiungo.

Hapa yafaa tusimame kidogo tulipime neno lile. Gradín alizaliwa Montevideo mwaka 1897. Delgado naye alikuwa raia wa Uruguay. Utumwa ulikuwa umefutwa katika nchi ile tangu mwaka 1842, yaani miaka 74 kabla ya mechi hiyo. Vijana hawa walikuwa Waafrika kwa ngozi zao na kwa mababu waliofikishwa kule kwa minyororo, basi. Na merikebu zilizopeleka watumwa kwenye mto wa La Plata hazikutoka Angola na Kongo peke yake. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, nyingine zilipakia watu wao pwani ya Msumbiji, na huko Montevideo Waafrika walikuwa na vyama vya watu wa kwao ambavyo kimojawapo kilijiita cha Msumbiji. Ndugu zangu wa kusini mtaona kwamba habari hii haiko mbali nasi kama ramani inavyoonyesha.

Tena kuna jambo ambalo hunifanya nicheke, ingawa si la kuchekesha. Katika kikosi cha Chile cha mwaka huohuo alikuwamo Ramón Unzaga, mchezaji hodari ambaye Wachile humhesabu kuwa ndiye mwanzilishi wa ule mpigo wa kupindukia nyuma tunaouita tikitaka. Unzaga alizaliwa Bilbao, nchini Hispania, akahamia Chile angali mtoto. Brazil nao walikuwa na Sidney Pullen, mtu wa ukoo wa Kiingereza, ambaye hata alipewa kipenga kuamua mechi ya Argentina na Chile. Hakuna aliyeandika barua kuuliza wale wawili walitoka wapi. Kumbe basi swali la Chile halikuwa la mahali mtu alipozaliwa. Aliyezaliwa Ulaya alikuwa mwenyeji, na aliyezaliwa Montevideo akawa mgeni.

Malalamiko yale hayakufika popote. Matokeo yalibaki 4–0. Lakini ninavyoona mimi, uamuzi mkubwa haukuwa ule wa wakuu wa mashindano. Ulikuwa wa Waruguay wenyewe. Walikuwa na mechi mbili zaidi. Wangeweza kusema, "Tumeshinda kesi, lakini tusiwape watu maneno, huyu kijana apumzike." Hawakusema hivyo. Tarehe 12 Julai walikutana na Brazil. Brazil walitangulia kwa bao la Arthur Friedenreich katika dakika ya 8. Kipindi cha pili Uruguay walisawazisha, na aliyesawazisha ni Gradín. Kisha José Tognola akafunga la pili, Uruguay wakashinda 2–1.

Argentina kwa upande wao waliifunga Chile 6–1 na kutoka sare ya 1–1 na Brazil. Hivyo ikabaki mechi ya mwisho, wenyeji wenye pointi 3 dhidi ya Uruguay wenye 4. Tarehe 16 Julai watu walifurika uwanjani kupita kiasi, mpira ukasimamishwa baada ya dakika chache tu, na watu wenye hasira wakachoma majukwaa ya mbao. Mechi ikachezwa kesho yake Avellaneda, katika uwanja wa Racing. Ikaisha suluhu, 0–0, na Uruguay, nchi ndogo kuliko zote nne, ikawa bingwa wa kwanza wa bara lile. Mfungaji bora alikuwa Gradín, mabao 3.

Wapo watakaosema kwamba jambo hilo lilikuwa dogo na lingekwisha lenyewe. Historia yasema sivyo. Tumtazame huyo Friedenreich aliyewafunga Uruguay. Baba yake alikuwa wa ukoo wa Kijerumani, mama yake mweusi. Mwaka 1919 mashindano yalifanyika Rio de Janeiro, na Brazil na Uruguay wakalingana kwa pointi. Mechi ya kuamua iliendelea kwa dakika 150, kwa maana muda wa nyongeza ulitolewa mara mbili, ndipo Friedenreich alipofunga bao pekee. Mji mzima ulirukwa na akili. Viatu vyake vikawekwa katika dirisha la duka la sonara ili watu wapite kuvitazama.

Mwaka uliofuata, timu ya Brazil ilipopita Buenos Aires, gazeti moja la huko lilichapa katuni likiwachora wachezaji wake kama nyani. Baadhi yao walikataa kuingia uwanjani, na haki ilikuwa yao. Ndipo mwaka 1921, mashindano yaliporudi Buenos Aires, Brazil ikapeleka timu isiyokuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Friedenreich, mwenye bao la 1919, aliachwa nyumbani. Husimuliwa kwamba shauri hilo lilitoka kwa Rais Epitácio Pessoa mwenyewe, kwa hofu ya jina la nchi kuchekwa. Brazil wakafungwa na Argentina, wakafungwa na Uruguay.

Kwa hiyo tunazo nchi mbili zilizotukanwa tusi moja. Ya kwanza ilimrudisha uwanjani mtu wake. Ya pili ilimficha. Katika 1916 mlalamikaji alishindwa. Katika 1921 hapakuhitajiwa hata barua ya malalamiko, kwa sababu waliotukanwa waliifanya wenyewe kazi ya mtukanaji. Uruguay ile iliendelea na njia yake, ikatwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1924 na 1928, na Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1930, na katika ushindi wote huo alikuwamo kiungo mweusi, José Leandro Andrade. Tusidhani lakini kwamba nchi ile iliwalipa vijana wake inavyostahili. Gradín alifariki mwaka 1944, na Andrade mwaka 1957, wote wawili wakiwa mafukara.

Sasa nirudi kwenye picha yetu.

Mtakaoitazama vizuri mtahesabu wachezaji 11, mwalimu wa michezo, na mimi pembeni nimeshika daftari. Wa Kidato cha Tatu na cha Nne wa mwaka ule mnajua nani hayumo. Hayumo wingi wetu wa kushoto, aliyevuka mto Ruvuma pamoja na wazazi wake wakikimbia vita vya Wareno, akaandikishwa shuleni petu kama sisi, akala ugali na maharage kama sisi. Katika mechi ya kwanza ya mashindano ya mkoa alifunga mabao mawili, tukashinda 3–1. Kesho yake shule tuliyoifunga ilipeleka malalamiko kwamba tumechezesha "Mmsumbiji". Malalamiko yalitupwa siku ileile, kwani kanuni ilitaka mwanafunzi aliyeandikishwa, na yeye aliandikishwa.

Usiku ule kamati yetu ilikutana. Tulikuwa wanafunzi watano. Mmoja alisema tumpumzishe ili kuepusha maneno, wengine tukaona ni busara. Mwalimu alituuliza kama tuna hakika, tukasema tunayo. Kalamu iliyolikata jina lake katika orodha ilikuwa yangu.

Hakubishana. Siku ya fainali alikaa chini ya mkorosho akiwa amevaa viatu vyake vya mpira, na wakati wa mapumziko ndiye aliyetuletea ndoo ya maji. Tulishinda 1–0, na kwa kuwa tulishinda hakuna aliyeuliza kitu. Picha ikapigwa palepale. Mwaka 1975 Msumbiji ilipopata uhuru, familia yake ilirudi kwao.

Nimelifundisha somo la Gradín madarasani kwa miaka mingi, nikiwasifu Waruguay kwa sauti kubwa na kuwalaumu Wabrazil, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyepata kuniuliza: je, wewe mwalimu, ulicheza upande gani? Ninyi mlikuwapo, kwa hiyo ninyi nawajibu. Tulikuwa Brazil ya 1921.

Jina lake nimemwandikia Mhariri katika karatasi ya pembeni. Sikulichapa hapa, maana ni lake, na sijamwomba ruhusa. Ombi langu kwa mkutano ni moja tu. Aliye na habari zake, ama Pemba, ama Nampula, ama popote alipo, atuletee, ili tumwandikie kwanza. Akikubali, basi gazeti lijalo chini ya picha ile pasiandikwe tena "timu kamili ya mwaka 1973", kwa sababu haikuwa kamili.

Nawatakieni mkutano mwema na afya njema.